Daktari wa London na daftari la muuza nyama

Mwaka 1870, daktari wa London aliyeingiza pauni 500 kwa mwaka alihesabiwa kuwa mtu wa kujiweza. Nyumba ya ghorofa, watumishi watatu, gari la farasi mlangoni, kofia ndefu nyeusi kichwani. Lakini fungua madaftari ya nyumba yake uone: anadaiwa na muuza nyama, anadaiwa na muuza makaa, anadaiwa na fundi cherehani, na hali ni hiyo karibu mwaka mzima. Mapato yalitosha kwa kubanabana. Kilichomtesa ni kalenda, kwa sababu fedha yake iliingia kwa mkupuo mmoja baada ya Krismasi, na ilitakiwa kutoka kila Jumatatu.

Kwanza fedha yenyewe. Pauni moja ni shilingi 20, shilingi ni peni 12, kwa hiyo pauni ni peni 240. Wazee wetu waliozoea kuita shilingi ishirini "pauni" hawatapotea hapa. Juu ya hapo kulikuwa na gini, yaani shilingi 21. Sarafu ya gini haikutengenezwa tena baada ya 1814, lakini watu wa taaluma waliendelea kutaja bei zao kwa gini. Muuza samaki alitoza kwa shilingi, daktari bingwa alitoza kwa gini, na ile shilingi moja ya ziada ilikuwa ndiyo heshima.

Mabingwa walipokea gini yao papo hapo, mkononi, mara nyingi ikiwa imefungwa kwenye karatasi ili isionekane kama biashara. Aibu hiyo ilikuwa na mizizi ya kisheria: mpaka ilipopitishwa Sheria ya Tiba ya 1858, ada ya bingwa ilihesabiwa kuwa zawadi, na zawadi huwezi kuidai mahakamani. Wakili wa kusimama mahakamani hakuweza kudai ada yake hata baada ya hapo. Wakili wa ofisini aliweza, ila ilimbidi amkabidhi mteja ankara iliyosainiwa, kisha asubiri mwezi mzima ndipo afungue kesi.

Daktari wetu wa kawaida, yule wa mtaa, alifanya kazi kwa daftari. Kila alipomtembelea mgonjwa aliandika kwenye daftari la siku, jioni akahamishia kwenye daftari kubwa lenye ukurasa wa kila familia, na mwisho wa mwaka akajumlisha na kutuma ankara. Ada haikuwa sawa kwa wote. Viwango vilivyochapishwa miaka ya 1870 viliwapanga wagonjwa kwa pango la nyumba wanayoishi: anayelipa pango kubwa, mafua yake yanatibiwa kwa bei kubwa. Ankara zilitoka Krismasi, na malipo yakaanza kudondoka Januari na Februari. Wengine walilipa nusu. Wengine walihama. Deni lisilofuatiliwa kwa miaka 6 lilikufa kisheria.

Sasa matumizi. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, ila imepangwa kwa viwango vya wakati ule: baba, mama, watoto watatu na watumishi watatu wanaolala ndani, jumla vinywa 8.

Nyumba ya pango la pauni 60 kwa mwaka. Pango lililipwa kwa robo mwaka, kwenye siku nne ambazo kila Mwingereza alizijua kwa moyo: 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba. Ongeza ushuru wa parokia kwa ajili ya maskini, taa za barabarani na mitaro, tuseme pauni 10. Maji pauni 3: hayakuwa na mita, kampuni ilitoza kwa thamani ya nyumba, kwa hiyo aliyeoga kila siku na aliyeoga Jumamosi tu walilipa sawa. Kisha kodi ya nyumba ya serikali, iliyokuja 1851 kuchukua nafasi ya kodi ya madirisha: peni 9 kwa kila pauni ya thamani ya nyumba, hapa pauni 2 na shilingi 5. Jumla ya kuwa na paa juu ya kichwa ni pauni 75 na shilingi 5.

Kodi ya mapato mwaka huo ilikuwa peni 4 kwa pauni. Kwa pauni 500 ni peni 2,000, sawa na pauni 8, shilingi 6 na peni 8. Wakati wa Vita vya Crimea ilipanda mpaka peni 16, na mtu huyu huyu angelipa zaidi ya pauni 33. Kodi ya watu wa taaluma ilikadiriwa kwa wastani wa miaka mitatu iliyopita, na huo ulikuwa mtego wake: mwaka mbaya ukikuja baada ya mitatu mizuri, unalipia neema iliyokwisha kuliwa. Bima ya maisha ilipunguziwa kodi tangu 1853. Kwa bima ya pauni 24 kwa mwaka, punguzo hilo lilirudisha shilingi 8, ambazo sizihesabu hapa.

Watumishi: mpishi pauni 18, msichana wa usafi pauni 13, yaya pauni 10. Jumla 41. Kitabu mashuhuri cha uendeshaji wa nyumba cha Isabella Beeton, cha 1861, kiliipangia familia ya pauni 500 watumishi hawa hawa watatu. Mpishi alimwekea kati ya pauni 14 na 30 kwa mwaka ikiwa chai, sukari na bia anajinunulia mwenyewe, au kati ya 12 na 26 ikiwa anapewa na mwajiri. Swali la kwanza la kumuuliza mpishi kabla hajaanza kazi lilikuwa hilo: chai yako ni ya nani? Ukiacha bila kusema, utalipa mara mbili, kwenye mshahara na kwenye daftari la duka.

Makaa ya mawe na taa pauni 20. Chakula na vinywaji, kwa wastani wa shilingi 8 kwa kila kichwa kwa wiki, ni shilingi 64 kwa wiki, na kwa mwaka pauni 166 na shilingi 8. Kufua pauni 13. Bima 24. Nguo za familia 50. Shule 30, na hiyo ni shule ya kutwa, maana kijana mmoja kwenye shule kubwa ya bweni angemeza zaidi ya pauni 100 peke yake. Farasi, banda lake, gari na kijana wa kumtunza, pauni 70.

Jumlisha: pauni 497, shilingi 19 na peni 8. Zimebaki pauni 2 na peni 4, na bado mtoto hajaugua, paa halijavuja, na hakuna aliyekwenda kupumzika ufukweni Agosti.

Atakayesema auze farasi hajui kazi ya daktari. Daktari anayefika kwa miguu, matope mpaka magotini, anaonekana hana wagonjwa, na asiye na wagonjwa hapati wagonjwa. Serikali ililijua hilo na ikalitoza. Baada ya sheria ya 1869, leseni ya gari la magurudumu manne la ukubwa wa kawaida ilikuwa shilingi 42, mtumishi wa kiume shilingi 15, farasi shilingi 10 na nusu. Hizo ni pauni 3, shilingi 7 na peni 6, na zilidaiwa Januari, mwezi ambao daktari alikuwa ndiyo kwanza anawasubiri wagonjwa wake walipe. Hata mng'ao wa gari hilo ulikuwa na njia ndefu: vanishi bora ya magari ilipikwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa ardhini pwani yetu na kusafirishwa kupitia Unguja.

Turudi jikoni, maana fedha ya nyumba hii ilikuwa inavujia huko.

Kila muuzaji alikuwa na kijitabu, mara nyingi chenye jalada jekundu. Anayekopa dukani kwa Mangi atakitambua mara moja. Kijana wa muuza nyama analeta mguu wa kondoo asubuhi, kijitabu kinakuja nao, kimeandikwa uzito na bei. Jumatatu mama mwenye nyumba anakusanya vijitabu vyote, cha nyama, cha mkate, cha maziwa, cha vyakula vikavu, anajumlisha na kulipa. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Katika nyumba isiyo na fedha taslimu alijumlisha tu na kuweka saini, na jumla ikahamia ukurasa unaofuata.

Kosa lilianza pale kijitabu kiliposahaulika dukani. Siku tatu nyama inakuja bila maandishi, siku ya nne kijitabu kinarudi kimejazwa kwa kumbukumbu ya muuzaji, na kumbukumbu ya muuzaji haijawahi kupungua uzito. Kosa la pili ni kupima nyama kabla ya kukata mafuta na mifupa, kisha kuvibakiza dukani. La tatu ni kuandika jumla bila bei ya ratili, usijue kama umepunjwa kwenye uzito au kwenye bei. Dawa ya yote ilikuwa mizani jikoni na kibao cha kuandikia ukutani: nyama ikifika inapimwa kabla haijaguswa, uzito unaandikwa kibaoni, na Jumatatu kibao kinalinganishwa na kijitabu.

Chukua mguu ulioandikwa ratili 9 kwa peni 10 ratili. Hiyo ni peni 90, yaani shilingi 7 na peni 6. Mizani ya jikoni inasema ratili 8 na nusu. Umepunjwa peni 5. Nani atagombana kwa peni 5? Lakini vipande viwili vya namna hiyo kila wiki ni peni 520 kwa mwaka, pauni 2, shilingi 3 na peni 4, ambazo ni mshahara wa miezi miwili kamili wa yule msichana wa usafi.

Kisha kuna mpishi. Kwa mila ya jikoni, mafuta yanayochuruzika nyama ikiokwa yalikuwa yake, pamoja na mifupa na vipande vya mishumaa, naye aliviuza kwa wanunuzi wa makorokoro waliopita nyuma ya nyumba. Mpishi mwenye tamaa alijua kuoka nyama yenye mafuta mengi kuliko haja ya meza. Juu ya hayo wauzaji wengi walimpa cha juu, shilingi moja kwa kila pauni ya ankara. Kama manunuzi yote ya chakula yamepita mikononi mwake, ni zaidi kidogo ya pauni 8 kwa mwaka, karibu nusu ya mshahara wake na karibu sawa na kodi yote ya mapato ya bwana wake. Mama mwenye nyumba aliyetaka kuhamia kwa muuza nyama mwingine alishangaa kwa nini nyama ya duka jipya inaungua kila siku.

Makaa yalihitaji macho pia. Nyumba kama hii ilichoma kama tani 12 kwa mwaka, kwa sababu jiko la kupikia liliwaka kiangazi na masika bila kupumzika. Kwa shilingi 24 tani, ni pauni 14 na shilingi 8. Tani moja ilikuja katika magunia 10, kila moja ratili 224, karibu kilo 102. Makaa yalimwagwa kupitia tundu la duara lililofunikwa kwa chuma kwenye njia ya waenda kwa miguu, yakaanguka moja kwa moja kwenye stoo iliyo chini ya barabara. Tundu lilifanywa dogo ili mwizi asipite. Lakini yakishaanguka ndani huwezi tena kujua ni magunia 9 au 10, na gunia moja likipungua limekwenda na sehemu ya kumi ya bei. Kwa hiyo mtu alisimama barabarani na kuhesabu magunia matupu yakikunjwa, moja baada ya jingine, na kama gunia lilionekana limelegea alidai lipimwe pale pale. Alitazama pia kama makaa yamelowa, maana maji ni mazito na yanauzwa kwa bei ya makaa. Bei ilishuka kiangazi, ila kununua tani 6 mwezi Juni kulihitaji fedha mwezi Juni, nayo ndiyo haikuwepo. Mwaka 1873 bei ya makaa ilipanda vibaya sana, na walioumia zaidi ni hao hao wanaonunua tani moja moja wakati wa baridi.

Gesi ilitozwa kwa kila futi 1,000 za ujazo, takriban shilingi 4 na nusu. Kichomeo kimoja kilikula kama futi 5 kwa saa. Vichomeo vitano kwa saa nne ni futi 100, kwa hiyo jioni kumi za namna hiyo zinamaliza futi 1,000. Mita ilikuwa na visahani vyenye mishale, na mishale ya visahani vinavyofuatana huzunguka kwa kupingana, mmoja kulia, mwingine kushoto. Mshale ukiwa katikati ya tarakimu mbili, unasoma ile ndogo. Wengi walisoma kubwa, wakashtuka, wakaenda kugombana ofisini na kurudi wameona haya.

Mita nyingi zilikuwa za maji: ngoma inazunguka ndani ya kisanduku kilichojazwa maji nusu na kidogo, na kina cha maji ndicho kinachoweka kipimo. Maji yakipungua, kila mzunguko unapitisha gesi nyingi kuliko inayoandikwa, na mteja anafaidi. Yakizidi, kampuni inafaidi. Ndiyo maana ndani kulikuwa na boya linalofunga gesi maji yakishuka mno, na ndiyo maana taa za nyumba nzima zingeweza kuzimika katikati ya chakula cha jioni bila mtu kugusa kitu. Usiku wa barafu maji yaliganda na mita ikasimama kabisa. Waliojua walifunga mita kwa blanketi kuukuu kuanzia Novemba. Na bado sebuleni waliwasha taa ya mafuta au mishumaa, kwa sababu gesi ilitia weusi dari, ilififisha vyombo vya fedha na kuua maua ya kwenye vyungu.

Kwa nini basi wasilipe taslimu na kuachana na vijitabu? Wauzaji hawakukopesha bure. Riba haikuandikwa popote, ilikuwa ndani ya bei, pamoja na hasara ya wale ambao hawakulipa kabisa. Mwenye kulipa kila Jumatatu alikuwa anamlipia jirani yake. Walioligundua hilo kwa vitendo walikuwa makarani wa Posta Kuu ya London, ambao mwaka 1864 walichanga wakanunua kasha la chai kwa bei ya jumla na kugawana. Kutoka kwenye kasha hilo kilizaliwa mwaka 1866 chama cha ushirika cha watumishi wa serikali, na mwaka 1871 maafisa wa jeshi wakaanzisha cha kwao. Sharti lilikuwa moja: fedha mkononi, hakuna kuandikisha. Bei zilishuka na wenye maduka wakapiga kelele mpaka bungeni.

Karani na afisa wa jeshi walipata mshahara kwa tarehe inayojulikana. Daktari hakuwa nao. Tena muuza nyama alikuwa mgonjwa wake, muuza mkate alikuwa mgonjwa wake, na mke wa muuza makaa alikuwa karibu kujifungua. Mara nyingi madeni yao yalifutana mwisho wa mwaka: ankara ya daktari pauni 9, ankara ya nyama pauni 40, tofauti 31. Akihamia dukani kwa ushirika ataokoa peni chache kwenye ratili ya chai na kupoteza mtaa mzima. Kukopa harusi, kulipa matanga, ila hapa mkopeshaji na mkopaji walikutana kwenye harusi na matanga yale yale.

Kwenye nguo ndiko deni lilikolala muda mrefu kuliko kwingine. Fundi wa makoti aliweza kusubiri mwaka au zaidi. Nguo za mke zilikuwa na jambo la kisheria ndani yake: mke aliyeishi na mumewe alichukuliwa kuwa na idhini ya kukopa kwa jina la mume vitu vinavyohitajika nyumbani. Mwaka 1864, katika kesi ya Jolly dhidi ya Rees, mahakama iliamua kwamba mume aliyekwisha kumkataza mkewe kukopa hawajibiki, hata kama muuza nguo hakujua katazo hilo. Tangu hapo mwenye duka makini alianza kutuma ankara kwa bwana mapema, asisubiri miezi 18, na kuna mabwana walioona bei ya hariri kwa mara ya kwanza maishani.

Kila ankara iliyolipwa ilihitaji stakabadhi, na ya pauni 2 au zaidi ilihitaji stempu ya peni moja, iliyoanzishwa 1853, na saini kuipita juu. Bila stempu karatasi hiyo haikufaa kuwa ushahidi mahakamani. Jambo hili halikuwa la kupuuza, kwa sababu duka lenye karani mzembe lilituma ankara ile ile mara mbili, na mwaka wa tatu hakuna aliyekumbuka. Stakabadhi zilichomekwa kwenye msumari wenye kitako, kisha mwisho wa mwaka zikakunjwa kwa urefu, zikaandikwa mgongoni jina la muuzaji na mwaka, zikafungwa kwa utepe na kuwekwa kabatini. Zilikaa miaka 6, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kudai. Kisha Januari, daktari akiwa bado anaandika ankara zake mwenyewe, furushi la mwaka wa saba lilishuka jikoni, na msichana wa usafi akaliwashia jiko.